Kliniki ya Watoto wa Gayogayo

Mwezi wa Aprili tuliondoka Dallas alfajiri, tukashika barabara ya I-45, tukapita Houston hadi barabara yenyewe inapoishia: Galveston. Watoto walitaka mawimbi. Nikawapeleka kwanza upande wa pili wa kisiwa, ndani ya Galveston Island State Park, kwenye maji ya magotini yaliyozungukwa na nyasi za chumvi. Mwanangu alitia mguu, akaruka. "Mama, mchanga umekimbia!"

Haukuwa mchanga. Alikuwa gayogayo mdogo, bapa kama jani, macho yote mawili upande mmoja.

Samaki huyu huzaliwa mbali, katika Ghuba ya Meksiko, wakati wa baridi. Akitoka yaini ana jicho kila upande kama samaki wengine. Maji humsukuma hadi ndani ya ghuba, jicho la kulia likahamia kushoto, naye akalala chini. Kwetu Pwani kazi ya kulea samaki wachanga hufanywa na mikoko. Hapa hufanywa na hizi nyasi.

Mimi ni muuguzi, nimepima watoto wengi kliniki. Uzito usipopanda, tunauliza: anakula nini, anaishi wapi, ameugua? Kwa gayogayo maswali ni yale yale. Chakula chake ni kamba wadogo na vijisamaki, ambao hukaa penye nyasi. Maji yakiwa na joto la wastani hula vizuri na kukua upesi. Joto likizidi, hewa ya oksijeni hupungua majini, naye huishia kutafuta pumzi badala ya kunenepa. Tena joto hubadili jinsia: likizidi katika siku fulani za utoto wake, wengi huwa madume. Wanaokua wakubwa ni majike, na ndio wanaotaga. Bahari ikiwa ya moto, mama wanapungua.

Makazi nayo yanazama. Karibu na Houston, huko Baytown, maji ya chini ya ardhi yalivutwa kwa miaka mingi mpaka ardhi ikashuka. Mtaa wa Brownwood ulifurika mara kwa mara, na kimbunga Alicia cha 1983 kikaumaliza. Leo pale ni hifadhi, Baytown Nature Center. Nyasi za ghuba nyingi zilizama vivyo hivyo.

Jimbo la Texas limechukua hatua. Tangu 2021, kuvua gayogayo kumefungwa kuanzia Novemba 1 hadi Desemba 14, wakati wakubwa wanapotoka kwenda kutaga. Siku nyingine, aliye chini ya inchi 15, yaani sentimita 38, hurudishwa majini. Ukienda kuvua na wanao, beba rula, na usome kanuni za mwaka huo kwanza.

Jioni, tukirudi, mwanangu akauliza, "Sisi wa Dallas inatuhusu nini?" Nikamwonyesha ramani. Mto Trinity unapita Fort Worth na Dallas, kisha unamwaga maji yake katika Ghuba ya Galveston. Maji baridi hayo hupunguza chumvi na kuleta rutuba inayolisha kamba. Lakini pia hubeba tunachokitupa kwenye mitaro yetu.

Wiki iliyofuata jirani alikuwa akimwaga mafuta machafu ya gari mtaroni. Mwanangu akamwambia, "Shikamoo. Huko kuna watoto."