Pikipiki Isiyo na Ndugu

Msomaji, kama hujawahi kusukuma pikipiki ya zaidi ya kilo 130 kutoka Ilala Bungoni hadi Gerezani, jua la Februari likikuchoma kisogo, makonda wa daladala wanakuzomea, na mtoto wa shule anakuuliza "kaka, imekata roho?", basi wewe hujatembea Dar es Salaam. Mimi nimetembea. Nilikuwa nasukuma kwa sababu bima ya pikipiki ilikuwa imekwisha tangu 2017, na trafiki wa Karume sio watu wa kujaribiwa.

Nilitumwa na baba. Macho yake yana presha, daktari alimwambia wazi kwamba habari ya kuendesha chombo cha moto asahau. Wakati huohuo mdogo wangu alikuwa anadaiwa ada ya chuo, laki tano na themanini, na bila ada hakuna kukaa kwenye mtihani. Mzee akawaza siku tatu. Siku ya nne akanipa ufunguo na kadi ya pikipiki, akafunga kopo la zamani la Kimbo kwenye keria kwa mpira, akasema: "Milioni moja na nusu. Usishuke hata senti. Na mnunuzi mwonyeshe kopo."

Sasa nikueleze ni pikipiki gani. Ni MZ ETZ 250, iliyotengenezwa Zschopau, mji mdogo wa Ujerumani ya Mashariki. Baba alipelekwa huko miaka ya themanini kusomea uchongaji wa vyuma, akaishi Karl-Marx-Stadt, jiji ambalo mwaka 1990 lilirudishiwa jina lake la kale la Chemnitz. Zschopau ipo jirani tu na hapo. Wenzetu wa Msumbiji na Angola waliokuwa vibarua kwenye viwanda vya huko walikuwa wakijinyima, na siku ya kurudi kwao wanapakia melini pikipiki za MZ na Simson, maana mshahara wao haukuwa na thamani nje ya nchi ile lakini pikipiki ina thamani popote. Ndivyo walivyoamini. Na baba aliamini hivyohivyo, akaileta ya kwake mwaka 1989.

Ni chombo, jamani. Silinda moja, gia tano, injini ya kuchanganya oili na petroli, sauti yake kama mtu anayepiga ngoma ndani ya pipa. Mnyororo hauonekani kabisa, umefichwa ndani ya mabomba mawili ya mpira, vumbi haliufikii wala tope la Jangwani. Baba anasema mnyororo mmoja alikaa nao miaka kumi na minne. Nimekua nikiuona mkono wake umeshika kile kikombe cha kupimia oili, lita moja kwa lita hamsini za petroli, hazidishi, hapunguzi. Mimi na dada tulikwenda shule ya msingi juu ya tangi lile.

Basi, nikaingia Kariakoo. (Jina lenyewe lilikuwa la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza wa Vita vya Kwanza, Carrier Corps, wenyeji wakalichonga upya mpaka likakaa mdomoni. Sisi ni mafundi wa siku nyingi.) Kona ya Uhuru na Msimbazi nikakata kulia. Sikufika mbali, mawinga wakanizunguka.

"Braza, unauza?"

"Nauza."

"Nini hii? Honda?"

"MZ. Ya Mjerumani."

Wakatazamana. Mmoja akagonga tangi kwa kidole kama anayechagua tikiti maji. Akauliza spea zake zinapatikana wapi. Nikababaika. Akacheka kwa upole, sio kwa dharau, na huo upole ndio ulioniuma. "Mwanangu, usichoke bure. Kwa skrepa nakupa laki na ishirini. Chuma chake kizuri, kizito."

Laki na ishirini! Pembeni yake palikuwa na Boxer, taa moja imevunjika, siti imechanika sponji liko nje, imepigishwa bodaboda miaka mitatu mfululizo. Hiyo alikuwa anaitangaza kwa milioni moja na laki tatu, na nilipokuwa bado nimesimama pale akatokea kijana, akaizunguka mara mbili, wakakubaliana milioni moja na ishirini. Hakuipiga hata kiki ya pili.

Nilikasirika mpaka nikatamani kutukana. Halafu nikainua macho. Nyuma ya winga palikuwa na duka la spea, upana wake mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Kuanzia sakafuni hadi darini vilining'inia vitu vya Boxer, vya TVS, vya SanLG: pistoni, ringi, nyaya za klachi, taa, vioo, mabeseni ya nati za kila saizi. Kijana yule hakununua pikipiki peke yake, alinunua ukuta ule. Alijua ikikatika waya saa mbili usiku Mbagala, asubuhi ataupata Kariakoo kwa bei ya sahani ya wali, na fundi wa kuufunga yuko chini ya kila mwembe. MZ yetu, hata ingekuwa imefungwa kwa dhahabu, imekuja mjini haina shangazi wala binamu.

Mjomba wangu yuko Unguja, ana Vespa iliyomzidi mkewe umri. Kila mwaka anakuja mtu kuitaka, na kila mwaka bei inapanda. Vespa nayo ni ya Ulaya, Piaggio walianza kuitengeneza Italia mwaka 1946. Mbona haikufa? Kwa sababu Wahindi waliichukua. Kampuni ya Bajaj ilianza kwa leseni ya hao hao Piaggio, baadaye ikatoa skuta yake ya Chetak, na LML wakatengeneza zao mjini Kanpur. Mtaliano hata akifunga duka, kebo na pete za klachi zinatoka Bombay. Hata bajaji unayopanda ukienda Buguruni ni mjukuu wa ukoo huo. Vespa ilipata watoto wa nje, na ndio wanaoilea uzeeni.

MZ hali ilikuwa nyingine. Kiwanda cha Zschopau, ambacho enzi za DKW katika miaka ya 1920 kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya pikipiki duniani, kiliingia matatani mara Ujerumani mbili zilipoungana Oktoba 1990. Wateja wa Mashariki, wenye Marki mpya mfukoni, walikimbilia magari. Mwaka 1996 kampuni ya Hong Leong ya Malaysia ikakinunua, mwaka 2008 uzalishaji ukasimama. Walijaribu kukifufua, ikashindikana. Kwa baba habari hizo zilifika kwa namna yake: kwanza rafiki yake aliyekuwa akimletea ringi kwenye begi akaacha kujibu barua, kisha baba akaanza kuweka akiba ndani ya kopo la Kimbo.

Wala usidhani ni mambo ya wazee. Mshikaji wangu mmoja wa Kinondoni alinunua KTM ya Austria kwa mzungu aliyekuwa anamaliza mkataba wake hapa. Bei ilikuwa ya kutupa na mwenzangu akajiona mjanja. Leo imefunikwa turubai inasubiri kifaa kimoja cha umeme kinachotoshea kiganjani. Aliyekuwa akimhudumia mzungu alikuwa mzungu mwenyewe, kwa masanduku ya ndege. Novemba 2024 KTM wenyewe wakazidiwa na madeni, wakaomba kinga ya mahakama, na mwaka 2025 aliyeleta fedha za kuwaokoa akawa nani? Bajaj. Mshikaji anasema labda sasa spea zitashuka mpaka Kariakoo. Namwombea.

Turudi Gerezani. Saa nane mchana, shati limenigandia mgongoni, nilielekezwa kwa fundi mmoja mzee, karakana yake ni bati tatu na mti. Nikamwamkia. Hakuitazama pikipiki. Alitazama kopo.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Plagi mbili mpya. Ringi ndani ya karatasi ya nta. Pointi za moto, bomba moja la mpira la mnyororo, limekunjwa kama nyoka aliyelala. Mzee akaishika ile karatasi ya nta, akainusa. Nasema kweli, akainusa. Kisha akaniongoza nyuma ya bati, akavuta gunia, na chini yake palikuwa na ETZ nyingine, nyekundu, haina silinda.

Akanipa bei bila kuzunguka: laki nne ya pikipiki, laki moja na nusu ya kopo. Kopo la Kimbo, msomaji! Mawinga walikuwa wameliona wakaniuliza kama nauza na mafuta ya kupikia.

"Mzee wangu, utaitembeza?" nikauliza.

Akafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nisikudanganye, kijana. Hii naichinja. Ya kwako ina silinda nzima, gia nzima, fremu imekula kutu hapa chini, njoo uone. Ya kwangu fremu nzima, moyo hauna. Zikiwa mbili zote zinakufa. Ikiwa moja, inatembea."

Nilitaka kuondoka. Nikaufikiria mtihani wa dada. Nikahesabu noti mara mbili, nikasaini kadi, na sikugeuka nyuma.

Baba alikuwa barazani, uso ameuelekeza barabarani ingawa sijui anaona kiasi gani siku hizi. Nikamwambia laki tano na nusu. Akanyamaza. Mama akatoka, akasema elfu thelathini iliyobaki ataikopa kwenye kikundi, akarudi ndani haraka.

"Umemuuzia nani?"

"Fundi mzee, Gerezani. Anayo nyingine kama hii."

"Anayo nyingine!" Uso wake ukafunguka. "Basi anaijua."

"Anaijua, baba."

"Ulimwambia moja kwa hamsini? Maana wapo wanaomimina tu."

"Nilimwambia."

"Na iliwaka kiki ya kwanza?"

Hakuna mtu aliyeipiga kiki siku ile, wala mimi.

"Ya kwanza," nikamjibu.