Mlima Mtupu Ndani

Wengi wenu mmeuona mlima wa plastiki ulio juu ya kabati katika chumba cha Jiografia, na baadhi yenu mmeugonga kwa kidole mkasema, "Kumbe mtupu!" Naam, ni mtupu, na utupu huo ulitugharimu majuma mawili.

Katika kidato chetu wamo wenzetu wawili wasioona. Ramani ya Kilimanjaro iliyo ukutani haiwafai kitu, na mtihani hauwangoji. Basi chama chetu cha kompyuta kikaazimia kuwatengenezea mlima wa kushika. Vipimo havikuwa taabu, maana chombo cha anga Endeavour kilipima sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa rada mwezi wa Februari 2000, na hesabu zake hutolewa bure. Kompyuta huzigeuza kuwa wavu wa pembetatu ndogo ndogo zilizoshonwa ukingo kwa ukingo.

Lakini wavu huo ni sura tu. Hauna unene hata wa karatasi, na printa haichapi kitu kisicho na unene. Kuujaza wote? Kitalu cha milimita 150 kila upande, chenye unene wa wastani wa milimita 20, kingekula gramu 558 za plastiki, nasi tulikuwa na bunda moja la kilo kwa muhula mzima. Gamba la milimita 2 hula gramu 56 na ziada kidogo kwa ajili ya miteremko.

Hapo ndipo tulipobishana sana. Mwenzetu mmoja alitaka tunakili wavu, tuishushe nakala milimita 2, kisha tuzibe kingo. Ni rahisi, lakini hesabu inakataa: penye mteremko wa nyuzi 60 ukuta hubaki milimita 1 tu, na Mawenzi, palipo na majabali makali, pangevunjika mikononi mwa watu wanaosoma kwa kushika! Dawa yake ni kuisogeza kila pembetatu kuelekea ndani, kwa mstari uliosimama wima juu ya uso wake wenyewe. Blender hufanya hivyo kwa amri moja. FreeCAD tuliijaribu pia, lakini yenyewe hugeuza kila pembetatu kuwa uso wa peke yake, na kwa maelfu ya pembetatu kompyuta yetu kuukuu ililala usingizi. Ndani ya mabonde membamba pembetatu zilipishana, ikabidi tuzisafishe kwa mkono, kazi ya kuchosha kuliko kupalilia.

Tuliuchapa umesimama kwa ubavu. Ukilazwa, miteremko ya chini hutoka ngazi ngazi, na kidole kingedhani ni matuta ya shamba.

Mmoja wa wale wenzetu aliupapasa kimya kwa muda mrefu. Aliipata Kibo, akavuka uwanda hadi Mawenzi, akarudi. Kisha akamwuliza mwalimu, "Mwalimu, mbona upande huu umechimbwa mabonde mengi kuliko ule?" Ulikuwa upande wa kusini, unaopata mvua nyingi zaidi. Sisi wenye macho tulikuwa tumeitazama ramani ile tangu Kidato cha Kwanza, na hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Sasa anataka Mlima Meru, na plastiki iliyobaki inatosha.