Mathe Aliuliza Kama Inafungua WhatsApp

Wasee, hii story sijawahi kuwapea yote.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Kile sikuwaambia ni kwa nini. Nilitaka kutengeneza mfumo endeshi wa kompyuta, kitu cha kukaa pale Windows hukaa. Karo ya muhula huo mathe alikuwa ameikopa kwa chama. Nikamwomba miezi minane.

Baada ya miezi mitano nilikuwa najiona noma. Mfumo wangu ulikuwa unawaka ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya laptopu yako. Kibodi inaandika, mauzi inasonga, mtandao upo. Nikauweka kwa flashi, nikachomeka kwa laptopu kuukuu niliyonunua mtumba, nikamwita mathe aone.

Iliwaka. Ikaandika jina lake. Halafu basi. Padi ya kuguswa imekufa, sauti hakuna, waifai haionekani kabisa.

Mathe akaangalia ile skrini, akauliza pole pole, "Na hii yako inafungua WhatsApp?"

"Bado, Mum."

Hakusema kitu kingine. Heri angenigombeza.

Shida ilikuwa draiva. Draiva ni kile kiprogramu kinachojua kuongea na kipande kimoja cha mashine. Kila chipu ina lugha yake. QEMU inaigiza vipande vya zamani ambavyo maelezo yake yako wazi, kama kadi ya mtandao ya Intel e1000, so mtu yeyote mwenye subira anaweza kusoma na kuandika draiva yake. Lakini chipu ya waifai kwa ile laptopu? Maelezo hakuna mahali. Na kila ukiiwasha lazima kwanza uipakie programu ya kampuni iliyoitengeneza, ndio iamke. Niliwaandikia wenyewe mara tatu. Kimya.

Nilidhani ni mimi tu nimepigwa na hii kitu, hadi nikasoma kuhusu Be. Jean-Louis Gassée alitoka Apple, akaanzisha kampuni hiyo 1990. Walitengeneza mfumo wao, BeOS, pamoja na mashine yake, BeBox, iliyotoka 1995 ikiwa na prosesa mbili. Hiyo ni akili. Ukiunda mashine mwenyewe unajua kila chipu iliyo ndani, draiva unazohitaji zinahesabika. Lakini kuunda mashine ni pesa. BeBox zilizotengenezwa hazikufika 2,000, na mwanzoni mwa 1997 wakaachana nazo. Wakahamia kompyuta za wengine, na kufikia 1998 wako kwa PC za Intel. Huko kila mtu ana kadi yake ya picha, yake ya sauti, yake ya mtandao. Nani ataandika draiva za zote hizo? Na Windows tayari imejaa kwa kila kompyuta dukani. Mwaka wa 2001 Palm ikanunua mali ya Be kwa dola milioni 11.

Mwaka huo huo mashabiki wakaanza kuijenga upya. Leo inaitwa Haiku. Hawa hawakujaribu kuandika kila draiva kutoka sufuri. Za mtandao walichukua nyingi kutoka FreeBSD, wakaandika tabaka la katikati la kuzifanya zielewane na mfumo wao. Niliweka Haiku kwa ile laptopu yangu. Waifai ikashika mara ya kwanza. Nilikaa hapo nikiiangalia tu.

So kama wewe ni kijana uko hosteli unapanga "OS ya Kenya," mimi sikukatazi. Lakini usianze na madirisha maridadi kama mimi. Chagua laptopu moja, ile unaweza kuishika mkononi, uifanyie kazi mpaka kila kitu ndani yake kiwake. Na pale kuna draiva ya wazi ya mtu mwingine, azima. Niliacha chuo nikitaka kitu changu peke yangu. Miezi minane nilikuwa nalipiwa stima na mathe.

Deni la chama nimemaliza mwezi jana, pesa ya hizi video zenu. Asanteni. Mfumo wangu nimeuweka kando. Usiku naandika draiva moja tu ya Haiku, ya ile padi ya kuguswa. Jana mshale ulisonga. Unaenda kushoto nikivuta kulia, lakini ulisonga, na mathe ndiye aliuona kwanza.