Mvua ikifuta mchujo, nani akae mbele?

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando kidogo nizungumzie magari. Msikimbie, tutarudi kwenye programu.

Ukitaja mashindano ya magari hapa Kenya, mtu anawaza Safari Rally. Mimi pia nilianzia huko. Lakini kwa miaka kadhaa sasa nakesha nikifuata IndyCar ya Marekani, yale magari mepesi ambayo magurudumu yake yako wazi nje ya bodi. Nazipenda zaidi mbio zake za viwanja vya duaradufu, ambako gari linakata kona za kushoto tu, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa.

Kabla ya mbio huwa kuna mchujo wa kupanga nafasi. Kila dereva anaingia uwanjani peke yake. Katika viwanja vingi vya duaradufu anazunguka mara 2 (Indianapolis 500 ni mara 4), na wastani wa kasi yake unaamua ataanza wa ngapi. Hakuna wa kumzuia, na hakuna wa kumsingizia.

Sasa mvua inyeshe. Tairi za duaradufu hazina mitaro ya kutoa maji, kwa hiyo uwanja ukilowa, kila kitu kinasimama. Saa zikiisha, mchujo unafutwa na kanuni ya akiba inashika kazi: magari yapangwe kwa pointi za msimu. Tena si pointi za dereva, ni pointi za gari lililosajiliwa, yaani ile namba.

Hapo ndipo sikio langu la kiprogramu liliposimama. Ufunguo wa jedwali ni gari, si mtu!

Chukueni Texas, Mei 2021. Mbio 2, Jumamosi na Jumapili, na mchujo ukaliwa na mvua. Gari namba 48 lilikuwa na madereva wawili msimu ule. Jimmie Johnson, bingwa wa NASCAR mara 7 lakini mgeni kabisa katika IndyCar, aliliendesha kwenye barabara za kona za kila upande. Tony Kanaan, bingwa wa IndyCar wa 2004 na mshindi wa Indianapolis 500 ya 2013, alikabidhiwa duaradufu. Kabla ya Texas zilikuwa zimefanyika mbio 2 tu, Barber na St. Petersburg, na hakuna hata moja iliyokuwa ya duaradufu. Kwa hiyo mzee Kanaan, mjuzi wa viwanja hivi, alipangwa nyuma kwa pointi chache ambazo mwenzake mgeni alizichuma kwenye mbio za aina nyingine.

Na Texas si mahali pa kuanzia nyuma. Kwenye kona, njia ya juu ilikuwa imepakwa dawa ya kunatisha tairi za NASCAR, lakini kwa tairi za IndyCar njia hiyo ilikuwa utelezi. Kupita mtu ilikuwa kazi. Jumamosi Scott Dixon aliongoza mizunguko 206 kati ya 212. Jumapili mbio zilipoanza tu, magari ya nyuma yakagongana, la Conor Daly likateleza likiwa limepinduka juu chini, na Kanaan akawa miongoni mwa waliokumbwa. Namshukuru Mungu Daly alitoka mzima. Siwezi kusema kanuni ile ndiyo iliyosababisha ajali, maana kugongana ni kugongana. Ninachosema ni kwamba anayeanza nyuma hukaa karibu zaidi na hatari, na nafasi ile hakupewa na kasi yake.

Dereva anajiandaaje usiku kama huo? Mchujo ungemwonyesha gari linavyojishika likiwa kwenye ukomo wake, na sasa hana kipimo hicho. Mvua nayo imeosha raba ambayo tairi za mazoezi zilikuwa zimeacha kwenye lami, kwa hiyo uwanja alioujua mchana si ule atakaoukuta. Anakaa na mainjinia wake juu ya takwimu za mazoezi, wanakadiria mabawa yakandamize kiasi gani na tairi zijazwe upepo kiasi gani. Mle ndani ana vifaa vya kuhamisha uzito na kulegeza au kukaza gari akiwa mbioni. Juu ya paa la jukwaa ana mtu wa kumwambia redioni nani yuko ndani, nani yuko nje. Yaliyobaki atajifunza kwenye kona ya kwanza, akiwa amezungukwa na wenzake.

Je, kanuni ya akiba inabashiri vizuri? Gateway 2018, Dixon alipewa nafasi ya kwanza kwa pointi; Will Power akashinda. Pocono 2019, Josef Newgarden akawekwa mbele, Power tena. Texas 2021, Jumamosi alianza mbele Álex Palou akashinda Dixon. Jumapili alianza mbele Dixon akashinda Pato O'Ward. Mara 4, na hakuna aliyeanza mbele aliyeshinda. Sidai hiyo ni takwimu ya kutosha, lakini inachekesha.

Kwenye rali, pointi hukupa mzigo badala ya zawadi. Siku ya kwanza ya mbio za dunia, kinara wa pointi hutangulia, na changarawe ikiwa kavu yeye ndiye anayewafagilia wenzake njia. Pointi ni zilezile, maana nyingine kabisa.

Sasa turudi nyumbani. Niliwahi kukaa na chama kimoja cha wafugaji tukipanga programu ya kupokea maziwa. Nikauliza: mizani ikigoma asubuhi, tuandike lita ngapi? Katibu akajibu haraka, "Weka wastani wa wiki iliyopita." Mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi la nyuma akasema, "Na mimi ambaye ng'ombe wangu amezaa juzi?"

Chumba kizima kikanyamaza. Wastani ule ungemfaa mwenye ng'ombe anayekauka na kumpunja yeye. Tuliishia kukubaliana kwamba mizani ikigoma, maziwa yapimwe kwa debe lenye alama, mkulima akiwa anatazama. Ni polepole, lakini ni maziwa ya leo.

IndyCar hawana debe, najua. Televisheni inasubiri, na jua halingoji mtu. Pointi angalau zinajulikana mapema na hazina upendeleo wa siri. Lakini sisi tunaoandika programu tuna nafasi ya kuuliza kabla mvua haijanyesha. Ile sehemu ya "ikishindikana" huwa tunaiandika jioni tukiwa tumechoka, na kumbe ndiyo inayoamua nani ataanza nyuma siku ya shida.

Kwenu huko, mitambo ikigoma, programu zenu humpa nani nafasi ya mbele? Andikeni hapo chini tujadiliane.