Simu mfukoni ilivyoniumbua kwa mzee wa fidla

Jamani, aibu zipo za aina nyingi. Kuna ya kuteleza kwenye tope mbele ya binti unayemmezea mate, kuna ya kukosa nauli konda akiwa amekukazia macho. Yangu mimi niliipatia mbali, jikoni kwa mzee mmoja wa Rättvik, mkoa wa Dalarna, huko Uswidi.

Ilikuwa 2019. Dada yangu kaolewa kule, akaniita nikamsaidie kulea mapacha. Viza siku 90, hakuna ya 91. Washikaji wa kijiweni Temeke wakajua naenda kuula. Kuula gani bwana! Kutwa nabadilisha nepi, na nje mtaa mzima kimya kama chumba cha mtihani. Mwezi wa sita jua halizami mpaka saa nne na nusu usiku, kwa hiyo hata ule usingizi wa kukimbilia giza likiingia hakuna.

Jioni moja nikasikia fidla nyumba ya pili. Wapenzi wa taarabu, fidla si ngeni kwenu, lakini hii haikuwa inabembeleza. Ilikuwa inakanyaga. Nyuzi mbili kwa mpigo, mmoja unaimba, mwenzake unanguruma palepale, na chini kiatu kinagonga ubao wa sakafu. Mimi gitaa nimepiga kwenye kwaya tangu kidato cha pili, najiona fundi. Nikabisha hodi.

Mzee, umri kama miaka themanini hivi, wala hakuniuliza natoka wapi. Aliuliza kama naweza kusikiliza. Kiingereza changu cha kidato cha nne na chake cha uzeeni vikakutana katikati, akatoa fidla ya pili kabatini.

Muziki wenyewe unaitwa polska. Mapigo matatu, lakini usidhani ni ule waltz wa kuingilia maharusi ukumbini. Mguu unagonga la kwanza na la tatu. La pili linaachwa hewani, upinde ndio unalibeba. Ukigonga yote matatu umeharibu kazi, na watu wanaocheza wanazunguka wawili wawili, kwa hiyo ukikosea wewe wanaojikwaa ni wao. Mguu tu ulinichukua wiki nzima.

Nikaomba noti. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Yeye anapiga kipande kifupi cha pumzi moja, wewe unarudisha. Ukikosea haongei, anapiga tena. Wiki mbili, nusu wimbo! Na wimbo hauna hata jina la kujitambia vijiweni. Unaitwa polska “efter” fulani, yaani kutoka mikononi mwa fulani, na huyo fulani si lazima awe mtunzi, ni yule ambaye watu waliupokea kwake. Huu ulikuwa wa baba yake mzee. Kabla hujapiga unasema umeupata kwa nani. Usiposema, mzee anakuangalia kama umeiba kuku.

Halafu mambo haya kumbe yaliwahi kuonekana yanakufa. Mwaka 1906 mchoraji Anders Zorn aliitisha mashindano ya wapigaji wa nyimbo za zamani pale Gesunda, ng'ambo ya ziwa lile lile, ili zisije zikapotea huku kodiani na miziki mipya ikishika kasi. Hadi leo ipo beji yenye jina lake. Unapiga mbele ya majaji, ukipata ya fedha unaitwa riksspelman, kama kusema mpigaji wa taifa. Mzee anayo. Ameitumia kubania pazia la jikoni.

Sasa siku zinakatika na mimi nina nusu wimbo. Nikajifanya mjanja wa Dar. Siku hiyo nikatia simu kwenye mfuko wa shati, nikabonyeza kurekodi, nikamwomba mzee anipigie wimbo wote “nifaidi tu”. Akapiga. Usiku kucha nikawa nao, nikiupunguza kasi, kidole kwa kidole. Kesho yake nikatinga kwa mbwembwe, nikaushusha mwanzo mpaka mwisho, sehemu ya pili nikairudia mara tatu kwa kujidai.

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akauliza taratibu, “Hiyo ya sehemu ya pili umeitoa wapi?”

Nikamwambia kwako, Mzee.

“Jana kidole changu kiliteleza pale. Kiliteleza mara moja tu. Wewe umeteleza mara tatu, palepale. Una mashine mfukoni, sivyo?”

Nilitamani sakafu ipasuke. Akafunga fidla kwenye kasha lake, akanimiminia kahawa, tukanywa bila neno. Siku nne sikwenda. Dada akaniuliza kama tumegombana, nikasingizia mapacha.

Siku ya tano mzee akaja mwenyewe mlangoni: Jumatano twende Bingsjö. Ni kijiji kidogo chenye jina kubwa, ndiko alikotoka Hjort Anders, gwiji wa fidla aliyeishi 1865 hadi 1952. Tangu 1969 wapigaji wamekuwa wakikusanyika hapo mwanzoni mwa Julai. Jukwaa lipo, lakini utamu uko vichakani na nyuma ya magari, ambako watu wasiojuana wanasimama duara na kupiga. Mzee akaingia duara moja, akanivuta shati. Akatamka kwamba wimbo ni wa baba yake, kisha akanionyesha kwa upinde, akasema neno nisilolijua, watu wakacheka.

Tukaanza. Tulipofika sehemu ya pili, mzee akateleza. Makusudi kabisa, huku ananitazama! Akarudia, akateleza tena. Mara ya tatu duara zima likateleza pamoja naye, na mama mmoja mwenye fidla akanikonyeza.

Wiki zilizobaki alinifundisha ule sahihi, taratibu, simu nikiiacha kwa dada. Lakini nikiwa kijiweni na gitaa, vidole vinakwenda kwenye lile kosa vyenyewe.

Juzi nilimtuma dada amuulize mzee, siku ile Bingsjö alikuwa ananisamehe au ananizodoa? Jibu likarudi: nije nimuulize mwenyewe, kahawa ipo. Viza je, Mzee?