Homa ya Papasi

Kwetu Keza, wilayani Ngara, mtu akishikwa na homa husema ana malaria hata kabla ya kupimwa. Neno hili limezimeza homa nyingine zote zilizokuwa na majina yao, na mojawapo ni homa ya papasi. Mimi ni mwalimu wa lugha, si tabibu. Lakini hasara ya kupotea kwa jina hilo naijua tangu utotoni.

Papasi ni wa jamii ya kupe, ila makao yake ni nyufa za sakafu na kuta za udongo. Hutoka usiku, humnyonya damu aliyelala, akarudi ufani kabla ya mapambazuko, na aliyeumwa huenda asijue. Aweza kuishi miaka bila kula. Mwaka 1905 Joseph Dutton, tabibu Mwingereza aliyekuwa akiichunguza homa hii huko Kongo, alikufa kwayo mjini Kasongo. Na mwaka huo huo Robert Koch, katika nchi yetu iliyokuwa chini ya Wadachi, alionyesha ya kuwa papasi huwarithisha watoto wake vijidudu vya ugonjwa ndani ya mayai. Basi si elimu mpya.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili mdogo wangu alipougua. Zahanati walimpa klorokwini. Baada ya siku chache homa ikakatika kwa jasho jingi, tukaishukuru dawa. Wiki ikapita, ikarudi. Akapewa tena, ikakatika, ikarudi. Bibi, aliyekwisha kuuona ufa wa ukuta karibu na mkeka wa mtoto, akafunga safari mwenyewe kwenda kumwambia mganga: "Mwanangu, huyu kaumwa na papasi." Mganga akamjibu, tena kwa adabu, "Bibi, damu yake imeonyesha malaria." Na huenda ilionyesha kweli, kwa maana katika nchi ya malaria mtu aweza kuwa na vijidudu vyake damuni, na homa yake ikatoka kwingine.

Mara ya nne damu ilitazamwa homa ikiwa juu, na katika hadubini vikaonekana vijidudu vilivyojisokota kama uzi. Saa ya kuviona ni hiyo. Homa ikishuka huadimika. Akapigwa sindano ya penisilini, na jioni akatetemeka kuliko siku zote, hata mama akataka kumtorosha. Ndivyo iwavyo vijidudu hivi vinapokufa kwa wingi, lakini hakuna aliyetuambia. Asubuhi mtoto alidai uji.

Huko Marekani upo ugonjwa wa Lyme, uletwao na kupe, ambao vijidudu vyake ni ukoo mmoja na hivi vyetu. Mama mmoja, Polly Murray, alihangaika miaka mingi bila kusadikiwa, hata mwaka 1975 malalamiko yake yalipowafikia wakuu wa afya wa Connecticut. Hata leo wapo wagonjwa wanaoshikilia kwamba ugonjwa huo hudumu miaka na kwamba wapewe dawa kwa muda mrefu; mabingwa wengi wakana, wakisema majaribio hayakuonyesha faida. Ugomvi huo ni mchungu, lakini nauonea wivu kidogo. Kule mgonjwa analo jina la kugombania. Kwetu kipimo cha haraka cha malaria, ambacho hakiwezi kuonyesha homa ya papasi, kikisema hapana, mgonjwa hana neno jingine la kuulizia.

Katika nyumba ile ile, mwezi ule ule, mama mdogo alikuwa na mimba ya miezi saba. Alishikwa na homa, akapewa klorokwini, akajifungua mtoto asiye na uhai. Ikaandikwa malaria. Kwamba homa ya papasi huharibu mimba nilikuja kulisoma ukubwani. Damu yake haikutazamwa kwa hadubini, kwa hiyo sithubutu kusema ilikuwa nini.

Mwaka jana nilikwenda kumwamkia. Nyumba sasa ina sakafu ya saruji. Mjukuu wake aliniuliza papasi ni nini, akidhani ni neno litokanalo na kupapasa. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya mimba, nikisahau ni nani aliyeketi kando yetu akichambua maharage. Mikono yake ilisimama. Akanitazama kitambo, kisha akaendelea kuchambua.