Njia ya Sake, safari hii bila kukimbia



Wengi wenu mliuliza kwa nini Jumamosi ile ya mwanzo wa likizo kubwa hatukuonekana kwenye mkutano. Tulikuwa Sake. Tulikwenda wamama wanne, wale wale wanne wa mwaka uliopita, tukapanda taksi-basi pale Ndosho saa moja asubuhi. Mikononi tulikuwa na sabuni, chumvi kilo tano, kitenge kimoja na mikate. Tulikuwa tunaenda kumshukuru mama mmoja. Tulimwomba ruhusa ya kuandika jina lake katika gazeti letu, akakataa huku akicheka, akisema mbuzi wake wanamjua na hiyo inatosha. Basi hapa tutamwita mama mwenyeji.

Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita kama 25. Kwa gari ni mwendo mfupi, hata ukihesabu dereva anaposimama kununua mahindi ya kuchoma. Tarehe 27 mwezi wa 5 mwaka wa 2021, kilomita hizo zilitumaliza siku nzima.

Kwa dada zetu waliohamia Goma baadaye, tueleze kidogo. Nyiragongo ililipuka Jumamosi tarehe 22 jioni. Bango la rangi linaloonyesha hali ya volkano halikuwa limetuonya. Lava ilishuka mpaka Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege, na usiku ule watu walikimbilia Gisenyi au Sake, kisha wengi wakarudi kesho yake. Ardhi haikutulia. Ilitetemeka mchana na usiku, kuta zikapasuka, na Alhamisi alfajiri tukasikia redioni kwamba mitaa kumi ya mji ihame, kwa sababu moto ulikuwa chini yetu na chini ya ziwa. Wakubwa waliokumbuka 1977 na 2002 hawakungoja tangazo limalizike.

Tulibeba nini? Tuseme ukweli, maana tumeshaucheka sana kati yetu. Wamama 4, watoto 11. Godoro moja. Televisheni moja, ndiyo, televisheni, mgongoni mwa kijana wa miaka 14. Maharagi kilo tatu. Sufuria kubwa. Diploma zetu za ualimu ndani ya sashe, na hizo hatujuti. Maji: bido moja ya lita 5 kwa watu 15. Yalikwisha hata Mugunga hatujafika. Maharagi yale tuliyabeba siku mbili kama mawe, kwa sababu kuyaiva yanataka makala ya saa mbili au tatu, na njiani makala tungetoa wapi? Mtoto anayelia njaa humwambii angoje maharagi.

Mwaka huu, tukipita njia ile ile tumekaa vizuri kwenye viti, tuliangalia kila kona kwa macho mengine. Baada ya Mugunga nyumba zinapungua. Upande wa kuume ni mawe meusi na vichaka vya Virunga. Upande wa kushoto ziwa linaonekana na kupotea. Chukudu zinashuka na shu, viazi na makala, vijana wamepiga goti moja juu ya mbao kama hakuna hatari duniani. Karibu na Sake mawe si ya Nyiragongo tena. Ni ya Nyamulagira, ambayo lava yake ya miaka ya 1938 hadi 1940 ilifika mpaka ndani ya ziwa. Wanafunzi wetu huandika mwaka huo kwenye daftari na kuusahau. Kumbe ungewatosha kushuka gari na kukanyaga.

Kabla ya kufika, mmoja wetu akamwomba dereva asimame. Tulitaka kuona lile bonde.

Si bonde kubwa. Ni kishimo kando ya njia, chenye nyasi, mawe yamekizunguka kama ukuta. Jioni ile ya tarehe 27 upepo ulikuwa baridi, na watu walikuwa wamejaza kila veranda, kila darasa, kila kanisa. Tulipoona kishimo kile kitupu tulifikiri Mungu ametuwekea. Hatukujiuliza kwa nini, katika maelfu yale ya watu, hakuna hata mmoja aliyekaa pale. Tulishatandika godoro pembeni yake, mtoto mdogo kabisa amebebwa tayari kulazwa, tukasikia sauti juu ya njia: "We mama! Munalaza batoto mu mazuku?"

Alikuwa mwanamke mwenye mzigo wa majani ya mbuzi kichwani. Hakushuka. Alisimama juu akatuamuru tupande, sote, upesi, na godoro tuliache kama linatuchelewesha.

Mazuku tulikuwa tunayajua kwa jina. Shuleni tunafundisha kwamba ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini katika sehemu zetu hizi za volkano, kwamba ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakusanyika mabondeni kama maji. Mtihani tungeupita. Lakini hatukuwa tumewahi kufundishwa kuyatambua kwa macho, na sisi hatukuwa tumewahi kumfundisha mtoto yeyote hivyo. Mama mwenyeji hajui kusoma, na mwezi huu alitutembeza kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Angalia nyasi: mahali zinapokuwa zimekauka peke yake katikati ya kijani, usishuke. Angalia kama kuna mdudu, panya au ndege amekufa bila jeraha. Asubuhi mapema na usiku, upepo ukiwa umelala, ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mchana upepo unapovuma bonde lile lile linaweza kupitika, na hapo ndipo wageni wanadanganyika. Hayana harufu. Anayeanguka kwanza ni mfupi, yaani mbuzi, mbwa, mtoto. Na mbuzi akianguka ndani, mwache. Wanaokufa wengi, alisema, ni wale wanaoshuka kumtoa wa kwanza. Nyumbani kwake hakuna mtoto anayelala chini. Wote wako juu ya kitanda cha mbao, hata kama wanabanana watano.

Godoro letu, kwa njia, lilikuwa bado halijaondoka kichwani mwake. Alituuliza kama tuliporudi tulilikuta. Hatukulikuta.

Kwake ni nyumba ya mbao na mabati kwenye mteremko, juu ya mji. Mwaka ule tulilala pale siku kumi na mbili, watu 15 juu ya watu 8 wa nyumba. Hatukuelewa alitulisha namna gani, kwa sababu soko la Sake lilikuwa limepanda bei mpaka mtu anaogopa kuuliza. Safari hii tulimwomba atuonyeshe.

Alianza na maharagi. Anayaanika mpaka ukiuma moja linavunjika kwa sauti, halafu anayamimina ndani ya bido kavu kabisa, anaipigapiga chini yashuke, anajaza tena mpaka shingoni, anafunga kwa nguvu na sashe chini ya kifuniko. Hakuna dawa. Vidudu vilivyomo vinakosa hewa na kufa. Lakini bido isipojaa, au ukiwa unaifungua kila wiki kuchota, umevilisha tu. Ndiyo maana ana bido ndogo tano na si moja kubwa.

Kisha mboga. Lengalenga na majani ya maharagi anayaosha, anayachovya kwenye maji ya moto yenye chumvi muda wa kuhesabu mpaka mia, anayatandaza juu ya mkeka kivulini, si kwenye jua kali, na kitambaa chepesi juu yake kwa ajili ya nzi. Siku mbili au tatu za kiangazi zinatosha. Beseni zima linakuwa kikombe. Mmoja wetu alionja akasema si kama mbichi. Mama mwenyeji akajibu kwamba mwaka jana hakusikia mtu akisema hivyo.

Sambaza anawanunua wakiwa bei ya chini, siku zisizo na mwezi wavuvi wanapopata wengi kwa taa. Anawaosha na chumvi na kuwaanika juu ya chandarua kilichoinuliwa kutoka ardhini, siku moja au mbili. (Watoto wetu walishangaa kusikia kwamba sambaza si wa asili ya Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hata wao walikuwa wahamiaji, alisema mmoja.) Juu ya kabati kulikuwa pia na gurudumu la jibini ya Masisi limefungwa kitambaa, ambayo inakaa wiki nyingi bila friji.

Lakini kitu tulichokwenda kukipata bila kujua kilikuwa kinaning'inia nyuma ya mlango: mfuko wa kitenge cha zamani, uliochakaa. Ndani kulikuwa na unga wa mahindi na soya, vyote vimekaangwa kabla ya kusagwa, ambao unakoroga na maji ya moto tu, au hata ya baridi yaliyochemshwa, ukapata uji. Karanga za kukaanga. Sambaza wakavu. Chumvi, sukari, kijiko, kibiriti ndani ya sashe mbili, kisu, kamba. Pembeni bido ya lita 5 yenye maji safi, ambayo anayabadilisha kila Jumapili.

Tukamwambia kwamba na sisi tulikuwa na chakula nyumbani, na ndicho tulichobeba. Akatuangalia kama tunavyomwangalia mtoto aliyejumlisha alipotakiwa kutoa. Maharagi ni chakula cha kukaa, alisema. Hiki cha mlangoni ni cha miguu. Hatukuwahi kuvitenganisha. Tulifikiri kujiandaa ni kuwa na gunia, gunia halitembei.

Kuhusu maji tulikuwa na deni letu wenyewe. Siku ya pili pale Sake, mwaka ule, watoto wetu wawili walikunywa maji ya ziwa bila kuchemshwa na wakaanza kuhara. Kipindupindu kilikuwa katika midomo ya watu wote, na tuliogopa kuliko tulivyoogopa volkano. Mama mwenyeji alichemsha lita moja ya maji, akatia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, akawanywesha kidogo kidogo usiku kucha, na asubuhi tukawapeleka kituo cha afya. Walipona. Sukari ile ilitoka kwenye mfuko wa mlangoni. Tunaandika kipimo hiki hapa ili kikatwe na kubandikwa ukutani: chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo msikisie.

Maji ya mvua naye anayachota kwenye bati, lakini mvua ya kwanza anaiacha ioshe paa na kumwagika, hasa Nyiragongo ikiwa inatoa moshi na majivu. Sisi wa mjini tunakimbilia kuweka ndoo tone la kwanza linapoanguka.

Tuliporudi Goma mwezi wa 6 mwaka ule, tulikuta majirani wengine wameibiwa. Kwetu ukuta mmoja ulikuwa umepasuka. Magunia matatu ya lengalenga tuliyokuwa tumeyapanda juu ya lava nyuma ya nyumba, zaidi kwa mchezo wa watoto, yalikuwa kijani, yamerefuka, yamepakwa majivu. Tuliyaosha mara tatu. Ilikuwa mboga yetu ya wiki ile, maana soko halikuwa na kitu cha kununuliwa na mwalimu. Mnajua udongo ulivyo haba kwetu. Tunaununua kwa gunia kama mchele. Katikati ya gunia tunasimamisha nguzo ya vijiwe vya lava ili maji yafike chini, ubavuni tunatoboa matundu na kupanda, na tunamwagilia maji ya kuoshea mboga. Baada ya wiki tatu au nne unakata, unaacha shina, linachipua tena.

Mama mwenyeji alipokea chumvi kwa furaha kuliko kitenge. Alitusindikiza mpaka barabarani na bido moja ya maharagi, akasema tusiifungue kabla ya Noeli. Tuliomba dereva atuwekee pia magunia mawili ya udongo mweusi wa Sake juu ya paa. Alilalamika, akaweka, akatudai nauli ya mtu mzima kwa kila gunia. Tulibishana mpaka Mubambiro.

Sasa kila nyumba yetu ina mfuko nyuma ya mlango. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watoto wanautoa wote mezani, tunakula sambaza na karanga za zamani, tunaweka mpya. Yule mdogo aliyekuwa alazwe kishimoni ana miaka minne, na amejipa kazi ya kuhesabu kijiko na kibiriti. Karanga hatumwachii azihesabu, kwa sababu kila akimaliza zinapungua.

Jumamosi ijayo, baada ya mkutano, tutajaza magunia kwa udongo ule wa Sake. Unatosha magunia manne, tukiuchanganya na samadi. Mwenye mbegu ya lengalenga alete, na aliye na gunia tupu lisilotoboka alete pia.